Alama za Vema za Chiriku

…kidole cha mwalimu kiko juu ya kitufe cha kufuta, jamani, bado kubonyeza tu! Na mdogo wangu amekaa pembeni yangu, anatafuna ukosi wa sare kama mbuzi.

Ngojeni nianze vizuri, hivi hamtaelewa.

Mdogo wangu yuko darasa la sita, tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Kompyuta za shule yao zimejaa, na programu wanayoandikia notsi ni ya zamani, inagandaganda. Basi mwalimu wa kompyuta akampa Chiriku kazi ya kulinganisha programu mbili mpya, ya njano na ya bluu. Kila moja aijaribu kwenye simu, kwenye kishikwambi na kwenye kompyuta za shule, kwa sababu watoto wataandika shuleni na kusomea nyumbani. Aandike somo lenye vichwa vikubwa na vichwa vidogo chini yake, aone kama linafunguka vilevile kila mahali.

Simu ya mama alijaribu. Kishikwambi cha shangazi alijaribu. Ya njano ikampendeza, ni nyepesi na ina rangi. Akachora jedwali, upande wa njano alama za vema tupu. Mama akalisifu mpaka kwa majirani.

Leo, kwa kuwa niko likizo ya chuo, mwalimu akaniomba nisaidie kuhamishia notsi za darasa zima kwenye ya njano. Mtihani wa sayansi ni Jumatatu. Tulipomaliza nikataka tufungue moja tuangalie.

"Ya nini, na jedwali liko ukutani?" mwalimu akasema. "Tunafuta za zamani tupate nafasi. Zikifutwa hazirudi. Mtafiti wetu, za njano zinafunguka vizuri humu?"

"Ndiyo, mwalimu," Chiriku akajibu kwa sauti ndogo. Chiriku huyu huyu, sauti ndogo. Nikajua kuna kitu.

Rafiki yake wa dawati la nyuma akamnong'oneza, "Mbona siku ya kujaribu kompyuta za shule tulikuwa wote tunaruka kamba?"

"Nyamaza wewe."

Kidole cha mwalimu kikashuka.

"Mwalimu, usifute." Chiriku alikuwa amesimama.

"Kuna nini?"

"Za shule sikujaribu. Foleni ilikuwa ndefu, nikaenda kucheza. Vema za hapo nilizibandika tu."

Mwalimu akaondoa mkono taratibu, kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya kiatu.

"Njoo ufungue mwenyewe."

Akafungua. Maneno yalikuwemo yote, lakini vichwa vikubwa na vidogo vimejipanga safu moja: mfumo wa chakula, tumbo, utumbo, mfumo wa damu, moyo, mishipa. Kipi ni cha wapi, hujui.

"Kwa hiyo moyo nao unasaga chakula?" akauliza yule rafiki. Darasa likacheka, hata mwalimu, ila Chiriku machozi yalimtoka.

Wakati wa mapumziko tukabaki naye kujaribu ya bluu, kwenye kompyuta, kwenye simu yangu na kwenye kishikwambi cha mwalimu. Kwenye simu ni nzito, inafunguka kwa kusuasua, lakini kila kichwa kilikaa mahali pake. Notsi tukazihamishia huko. Chiriku akafungua za kila mtu, moja moja, ndipo mwalimu akamwachia yeye abonyeze kufuta.

"Umetuokoa," mwalimu akamwambia mbele ya wenzake, "na wewe ndiye uliyetuingiza. Mimi pia nimekosa, sikuangalia. Ukiweka vema, mwenzako anaiegemea kama ukuta. Kama hujajaribu, acha wazi, sema hujajaribu. Hakuna atakayekucheka."

"Huyu atacheka," Chiriku akasema, akimwonyesha rafiki yake. Sauti imerudi.

Sasa aliyebaki kuambiwa ni mama. Nasikia anavua viatu mlangoni, anaita, "Mtafiti wangu yuko wapi?" Chiriku amenikataza kusema, anataka aseme mwenyewe, na ameshasimama. Niacheni nikasikilize. Atakachojibu mama nitawaletea kesho, kabla hata sijanawa uso.