Kopi ya Kibubu cha Sekela

Kila mtu alipopitisha kibubu chake juu ya sahani, sahani ilisema, "Pole sana, ndugu," kwa sauti laini ya mtangazaji wa redio. Haikusema jina wala kiasi. Aliyetoa hela ya ng'ombe na aliyetoa hela ya kiberiti walipewa pole ileile, na jambo hilo liliwauma sana matajiri wa ukoo wa Mwambene. Zamani, kabla sahani za rambirambi hazijafika Mbeya, majina yalisomwa kwa kipaza sauti, na mwenye kidogo alijificha nyuma ya masufuria.

Bibi alikuwa ameshazikwa. Roboti lililochimba kaburi lilisimama getini na matope yake, na watoto walikuwa wameliwekea kikombe cha chai kama mchimbaji mwingine yeyote.

Sahani ile ilikuwa kazi ya mjukuu wa marehemu, Mhandisi Tusekile. Hata sarafu zilizomiminika humo alizibuni yeye. Watu waliziita sarafu kipofu, na kibubu cha kuzihifadhia kilikuwa kadi ndogo ya kuvaa shingoni.

"Hebu nieleze, mhandisi," alisema Mjomba Kajange, mweka hazina wa msiba, ambaye alikuwa ameipakata sahani kama mtoto mchanga. "Sarafu imetoka benki. Benki itakosaje kujua ni yangu?"

"Mjomba, sarafu unaitengeneza wewe, ndani ya kibubu chako. Namba yake unaiokota mwenyewe. Kisha unaifunga kwenye khanga, ndiyo unaipeleka benki. Benki inakata hela kwenye akaunti yako, inagonga muhuri juu ya khanga bila kufungua, wino unapenya. Ukifika nyumbani unafungua: muhuri halali upo, na benki haijaiona sura yake. Siku sarafu ikirudi kwao kutoka dukani, watautambua muhuri wao. Khanga ilikuwa ya nani, hawajui."

"Sasa mimi nikiilipa mara mbili? Si namba tu hiyo?"

"Hapo ndipo penye utamu." Tusekile alitabasamu, jambo ambalo halikupendeza sana msibani. "Kila ukilipa, sarafu inaacha kipande cha jina lako. Kipande kimoja hakisomeki, hata mimi siwezi. Ila sarafu moja ikilipwa mara mbili, vipande viwili vinakutana benki, na jina linajitokeza lenyewe, pamoja na duka ilikolipwa kwanza. Mwaminifu ni kivuli. Mwizi yuko uchi sokoni."

"Mtoto ana roho mbaya huyu!" Mjomba alicheka.

Gwamaka naye alicheka. Alikuwa mume wa Sekela, mdogo wake Tusekile. Alileta gunia la mchele, akabeba jeneza upande wa mbele, akalia kuwazidi wenye bibi yao.

"Na mke wangu, shemeji? Hata msiba huu hajausikia?"

"Sijui aliko."

Alijua. Sekela alikuwa Mpanda, alikokimbilia akiwa na taya lililovunjwa na mkono huohuo ulioshika jeneza. Alimwapisha dada yake asimwambie mama, ambaye moyo wake ulisukumwa kwa betri. Huko Mpanda alinunua unga, dawa na kulipa kodi ya chumba, na Gwamaka, mwenye rafiki katika kila ofisi, hakupata hata harufu yake. Sarafu kipofu zilikuwa zimemweka hai.

Chakula kilipokuwa kikiishia, mama alimvuta Tusekile pembeni, uso unang'aa.

"Nimemtolea na Sekela rambirambi. Ingekuwa aibu. Bibi ndiye aliyemlea."

"Vizuri, mama. Kwa hela yako?"

"Kwa yake, iwe imetoka kwake kweli. Siku ile alipokuja kuniaga, kajifunga mtandio akisema jino linamuuma, alipoingia bafuni nilichukua kibubu chake, nikampelekea kijana wa steshenari akanitolea kopi."

"Mama!"

"Nini, mama? Vyeti vyenu vyote ninavyo kopi. Kadi zenu za kliniki ninazo kopi, na nimezilaminisha. Nyumba ikiungua mtanishukuru."

Wakati akijenga mfumo ule, Tusekile aliwawazia majambazi, wakubwa wa serikali, wadukuzi wa nchi za mbali. Mama hakumwaza.

Sarafu zilizokuwa kwenye kopi Sekela alishazila Mpanda zamani. Kipande cha kwanza cha jina lake kilikuwa tayari benki. Cha pili kilikuwa mapajani mwa Mjomba Kajange. Sahani ilikuwa bado haijaunganishwa na mtandao, kwa sababu kwa desturi yao hesabu ya hela ya msiba haifungwi watu wakiwa na njaa.

Alikimbilia nyuma ya jiko, akampigia msaidizi wake kazini.

"Ngasa, kuna jina litajitokeza muda si mrefu. Lizuie."

"Kwa swichi gani, bosi?"

"Yoyote!"

"Uliing'oa mwenyewe. Ulisema serikali isiwe nayo, benki isiwe nayo, hata wewe usiwe nayo. Tukakata keki. Ilikuwa keki nzuri."

Aliporudi, Mjomba alikuwa amesimama, kidole juu ya sahani.

"Mjomba, usiiunganishe leo. Ina hitilafu."

"Hitilafu? Sasa hivi ulikuwa unaisifu! Nikilala na hela hii, kesho nitaitwa Kajange mla rambirambi."

Watu wakacheka. Tusekile akaidaka sahani. Mjomba akaing'ang'ania, chai ikamwagika, wanawake wakapiga kelele. Mkono mzito ukamshika begani.

"Mwacheni shemeji yangu," alisema Gwamaka. "Ana uchungu."

Akamtoa vidole kwenye sahani taratibu, kimoja baada ya kingine, kisha akabonyeza mwenyewe.

Taa ya sahani iliwaka. "Pole sana, ndugu," ikasema kwa sauti ileile. "Sarafu hii imelipwa mara mbili. Mwenye sarafu ni Sekela Mwambene. Malipo ya kwanza: duka la unga la Nkamba, Mpanda mjini. Kibubu chake kimefungwa."

Gwamaka alifumba macho kama mtu aliyemaliza sala.

"Mpanda," alisema. "Jamani, mimi nilidhani mwenzangu ameshakufa. Ngoja nikamchukue."

Kuna mwanamke alimshukuru Mungu kwa sauti. Mama alikuwa ameshashika hotpoti, anapakia ubwabwa na nyama. "Mpelekee, baba. Mwambie kwa hilo la wizi simlaumu, kosa ni langu."

"Usimpe, mama!" Tusekile alipiga kelele. "Alimvunja taya! Sekela alimkimbia huyu!"

Gwamaka aliinamisha kichwa kwa huzuni nzuri sana.

"Si hapa, Tusekile," alisema shangazi mmoja. "Mambo ya chumbani hayamwagwi msibani. Kaa chini."

Mikono ya mama ilibaki imeinyoosha hotpoti, haijui irudi au iende. Gwamaka aliipokea kwa mikono miwili, akainama, akashukuru, akaelekea kituo cha treni ya kasi. Watu walimpisha njia.

Tusekile alipiga simu. Haikupatikana mpaka baada ya nusu saa, ikapokelewa haraka.

"Dada! Afadhali umepiga. Kibubu changu kinasema mimi mwizi. Benki imemjulisha Mzee Nkamba, amenifuata nyumbani na vijana wake, wakanileta dukani."

"Toka hapo, Sekela. Panda gari lolote, ondoka!"

"Kwa hela gani? Kibubu kimefungwa. Halafu wamefunga na mlango. Ila ni watu wazuri, wamenikalisha juu ya gunia, wamenipa soda. Ndugu yangu akija kunidhamini wananiachia."

"Waambie nakuja mimi! Wasikutoe kwa mtu mwingine yeyote, unanisikia?"

"Usihangaike, dada. Kuna ndugu ameshapiga simu hapa dukani, yuko kwenye treni. Amewaomba wasinipige, waniweke tu mpaka afike. Mzee Nkamba anasema ana sauti ya upole sana." Sekela alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepumua. "Ni Mjomba Kajange, eh?"