Mkono wa Bibi wa Shaba

Fundi saa aliacha kiganja cha nta kikiwa wazi mezani, akaenda kunawa. Aliporudi, vidole vilikuwa vimefumba.

"Joto hili," alijiambia, maana fundi hakosi sababu.

Saa yenyewe ilikuwa ya kale, na juu yake ameegemea mwanamke wa shaba mwenye vazi la mikunjo, mtulivu kama sanamu za mahekaluni. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimekatwa. Mjane aliyeileta alisema, "Tengeneza mashine tu, mwanangu. Mkono uache."

Lakini fundi gani anayejiheshimu hurudisha kazi nusu? Alichonga nta huku akiutazama mkono wa mkewe, mshonaji aliyefanya kazi chumba kilekile, kisha akamimina shaba, akakiunga kiganja.

Asubuhi ya pili yake mkewe alishindwa kutunga uzi kwenye sindano.

"Baba watoto, hebu nishike," alinong'ona.

Mkono ulikuwa wa baridi, unanuka shaba, na vidole havikunjiki. Mke bila mkono ule angeshona nini, angembeba vipi kitinda mimba wao? Akakimbilia msumeno ili akikate kiganja cha sanamu.

"Weka chini," mjane alisema mlangoni. Alikuwa amekuja kuchukua saa yake. "Marehemu mume wangu alikata cha kwanza, kilichoigwa mkono wa dada yangu. Mkono wake haujarudi mpaka leo. Jini aliyemo katika saa hiyo hanyang'anywi, hubadilishiwa. Mpe mwingine kabla ya adhuhuri."

"Wa nani?" mke aliuliza kwa sauti ndogo.

Fundi alichukua tupa, na safari hii bila nta akachonga kipande cha shaba moja kwa moja, akiutazama mkono wake wa kulia unavyojichonga wenyewe, huku harufu ikizidi, huku yule bibi wa shaba akionekana kuinamisha shingo ili aone vizuri, huku mkewe akimsihi aache na yeye akizidi kukaza, mpaka akayeyusha kiungo, akatoa kiganja cha mkewe, akatia chake.

"Vinakunjika," mke alisema, akalia.

Saa ikaanza kugonga. Pigo la kwanza, kidole cha mwisho cha fundi kikafa. La pili, cha pete. La tano likachukua gumba, naye akashusha pumzi, kwani mkono alikwisha kuutoa kwa moyo mmoja.

Pigo la sita likapandisha ubaridi wa shaba hadi kiwikoni. Mkewe akamwekea kiganja kifuani, akaanza kuhesabu, maana adhuhuri hugongwa mara kumi na mbili.