Halbadiri kwa Shemeji

Nilitoka nyumbani Mji wa Kale baada ya alasiri, nikaenda Mwembe Tayari kununua ubani. Nilimwambia Mama ni wa hitima ya arobaini. Nilimdanganya. Ubani ule ulikuwa wa Halbadiri.

Watu wa pwani wanaijua. Asiyeijua nimwambie: ukidhulumiwa nawe huna shahidi, maalim husoma majina ya mashujaa wa vita vya Badri, na dhuluma humrudia aliyeitenda. Si mchezo. Kuna waliovimba matumbo kwa kuiba kuku.

Mimi sikuibiwa kuku. Niliibiwa mdogo wangu.

Duaa aliolewa na Kashif, kijana wa Ganjoni, yule wa kujitwika begi kubwa mgongoni na kulala popote giza limkutapo. Wenzake hupeleka wake zao fungate Diani wakala kamba na kurudi na afya zao. Yeye akampeleka wa kwetu kisiwa cha Java, wiki moja kwa miguu, kuzunguka mahekalu na volkano. Kila siku Duaa alinitumia picha. Jumapili yuko kwenye hekalu la mawe, anacheka. Jumanne wako msituni, matope hadi magotini. Jumatano wamepanda mlima wa kwanza, uso wake umejaa jivu. Alhamisi ni hekalu jingine, amekaa peke yake ngazini, hacheki.

Ijumaa alfajiri alitumbukia ndani ya kasoko, shimo la mlima linalofuka moshi. Mwili haukupatikana. Tulimsalia bila jeneza.

Jumapili Kashif alirudi na mabegi mawili.

"Aliteleza," alisema, jicho kavu.

Sikumwamini hata chembe. Nilitaka aungue.

Maalim Kamaludin alinipokea barazani kwake, lakini ubani hakuushika. Aliutazama tu.

"Fariha, hii haina macho ya kuchagua. Humpata kila aliyetia mkono. Wewe huna mkono?"

"Sina, Maalim."

"Waapa?"

"Wallahi sina."

Akauchukua. Angesoma magharibi tatu, akasema. Ya tatu ndiyo hufunga.

Baada ya kisomo cha pili sikuweza kungoja. Siku ya tatu, saa kumi na moja hivi, nilipika biriani nikaenda Ganjoni, eti kumjulia hali shemeji. Kusema kweli nilikwenda kutazama.

Mlango ulikuwa wazi. Madirisha yote yamefungwa. Harufu ilinipiga puani... kiberiti. Si kimoja kilichowashwa. Harufu nzito, ya mlima mzima.

Kashif alikuwa amekaa kitini, miguu ndani ya beseni la maji. Midomo imepasuka. Na yale maji... yalikuwa yakitoa mvuke.

Nikatazama sakafu. Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake kulikuwa na nyayo za viatu vya kupandia milima. Nyayo ndogo. Za jivu.

Za kuja tu. Za kurudi hazikuwapo.

"Yuaja kila magharibi," alinong'ona.

"Nani?"

"Wamjua."

Nilifurahi, na sioni haya kusema. Moyo wangu ulipoa kama niliyekunywa maji ya mtungi.

"Ulimsukuma," nikasema.

"Sikumsukuma! Tuligombana. Alitaka kurudi nyumbani, nami nishalipa safari nzima. Kule juu aliteleza kweli, nikamdaka mkono. Akanambia, 'Nikitoka hapa nitakuacha.'" Akafumba macho. "Nikamwachilia."

Hakulia. Nami sikumhurumia. Niliweka biriani mezani, nikageuka niondoke.

"Fariha," akaita. "Mimi ashanimaliza. Lakini jana ameniuliza jambo."

"Jambo gani?"

"Ameniuliza... 'Mwengine yuko wapi?'"

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Nakumbuka niko barabarani nakimbia, kiatu kimoja mkononi, tuktuk zinanipigia honi.

Maana kuna jambo sikumwambia mtu. Ile Alhamisi, baada ya picha ya hekalu, Duaa alinipigia simu. Alikuwa analia. "Baji, dada yangu, nitumie tiketi nirudi. Huyu mtu ananitisha, na kesho ataka tupande tena." Ndoa ile niliitafuta mimi, nikaisifu mimi kwa majirani. Nikaona aibu. Nikamwambia bibi harusi harudi kwao peke yake wiki ya kwanza, watu watatucheka. Panda naye, nikamwambia. Mtapatana huko juu.

Akapanda.

Nilimkuta Maalim ameshawasha chetezo. Nikamweleza yote nikiwa nimepiga magoti, nikamsihi asiimalizie.

"Nilikuuliza," alisema polepole. "Ukaapa. Kusimamisha siwezi tena. Wende kwa mwenye haki, mama aliyemzaa, ukamtake radhi. Akikupa, huenda ukasalimika. Nenda, jua lazama."

Mama yangu Khatijabai alikuwa juu ya mswala, tasbihi mkononi, anangoja adhana. Nilimwambia kila kitu. Sikujitetea. Nilipomaliza, tasbihi ilikuwa imesimama.

"Alikupigia?"

"Naam, Mama."

"Akakuomba?"

"Naam."

"Nawe ukamwambia apande."

Nje adhana ilianza. Na chini, kwenye ngazi zetu za mbao, kitu kikaanza kupanda.

Hatua... hatua... Viatu vizito, mtu aliyechoka kutembea. Harufu ya kiberiti ikapita chini ya mlango.

"Mama, nipe radhi," nikamshika miguu. "Mama, tafadhali..."

Hatua zikakoma. Mlango ukagongwa, taratibu, kwa adabu, kama alivyokuwa akigonga siku zote.

Mama akaondoa mikono yangu miguuni pake, kidole kimoja kimoja.

"Nenda kamfungulie mdogo wako."

Nilifungua. Hapakuwa na mtu. Joto kali lilinipita begani, likaingia ndani, na nyuma yangu nikamsikia Mama akisema, kwa sauti ambayo hajawahi kunipa mimi, "Karibu, mwanangu. Umechoka sana."

Kashif walimkuta asubuhi, amekufa kitini. Madaktari walisema ni homa. Kwa nini beseni lilikuwa kavu na limejaa jivu, hawakusema.

Mimi ni mzima. Mama hunipikia, huniuliza kama nimekula. Lakini kila magharibi hutandika miswala mitatu. Wa kwangu ni wa mwisho, karibu na mlango. Wa katikati ukiugusa unaunguza. Kila tukimaliza kusali namuomba Mama radhi, naye hugeukia ule mswala wa katikati, akaniambia, "Muombe mwenyewe."

Namuomba. Kila siku namuomba. Bado hajajibu.