Jina Nililompa Mbwa

Pelagia, wifi yangu, ndiye aliyeniambia kwanza. Ilikuwa asubuhi tulivu, mwaka 1976, hapa Misunkumilo, tukipukuchua mahindi uani.

“Wifi, mbwa wako anajikuna mno. Na hayo manyoya yanayomtoka, yanaangukia wapi?”

Nikatazama chini. Hapakuwa na unyoya hata mmoja.

Mbwa yule nilimpa jina mimi: Mtanuna. Kwetu mbwa hupewa jina la kumsema mtu, nawe unamwita kwa sauti mpaka anayesemwa asikie. Niliyemsema ni Bernadetha, mke mkubwa wa mume wangu. Hakujaliwa mtoto, lakini mume wetu, Manyanda, alikula kwake kwanza, na jambo hilo lilinichoma. Mbele za watu sina maneno. Basi nilisimama mlangoni, mwanangu Leodgar mgongoni, nikaita, “Mtanuna! Mtanuna wee!” Na mtoto sikumpa ampakate, hata siku moja.

Bernadetha alijibu mara moja tu, taratibu, huku akipeta mchele.

“Mdogo wangu, jina nimelisikia. Nitamjibu huyo huyo mbwa.”

Tulimwogesha Mtanuna kwa maji ya tumbaku, dawa ya upele wa mbwa. Mbwa wa Pelagia, aliyeogeshwa vivyo hivyo, alipona. Wetu alizidi. Sikio la kushoto likabaki uchi. Kisha shingo. Kisha mgongo mzima.

“Mtanuna kanuna mwenyewe!” Pelagia akacheka.

Mimi sikucheka. Jioni ile Leodgar alikuwa ameanza kujikuna. Sikio la kushoto.

Nikampaka mafuta ya nyonyo kichwani. Nywele zikang'oka. Nilizisikia kabisa mkononi, laini, za moto. Nikafumba kiganja. Nikafumbua.

Kitupu.

Kulipokucha nilimbeba mtoto mpaka kwa Bernadetha, nikapiga magoti.

“Dada, mpakate.”

Alikuwa ameshatandika kanga mapajani.

“Mmechelewa,” alinong'ona.

Leodgar akalala papo hapo. Mkono wake ukatulia. Ndipo nikaona, juu ya kitanda, kimto kipya cha mtoto, upande mmoja hakijashonwa. Kilijaa manyoya mekundu, rangi ya mbwa wetu. Na juu yake, nywele nyeusi laini, bado zinang'aa mafuta ya nyonyo.

Bernadetha alininyooshea sindano, uzi umeshatungwa.

Nikakaa chini, miguuni pake, nikakishona.