Mti Wenye Kwikwi

Kila asubuhi watu wa msitu wa Ishevu waliteremka kutoka kwenye nyumba zao zilizojengwa juu ya miti mikubwa iitwayo mivovo. Kila mtu alijipaka kiganjani utomvu wa mti wake, kisha akaenda kusalimu miti ya majirani kwa kuipapasa shina. Ukipita mti wa mtu bila kuupapasa, utasemwa mpaka jioni.

Siku hiyo Pelu alikuwa bado anapiga mswaki mti wao ulipojitikisa. Kwik! Kokwa ikamwangukia utosini. Aliujua ugonjwa huo, kwikwi ya miti. Sheria pia aliijua: mwenye mti mgonjwa hutangaza, na watu wa nyumba yake husalimu kwa kuinama kutoka mbali mpaka mti upone. Lakini sikukuu ya mavuno ilikuwa ifanyike kwao, na Pelu ndiye angepanda tawi la juu kupiga ngoma. Akitangaza, sikukuu ingehamia kwa kina Gorimu, kijana wa rika lake, na Gorimu angemcheka mpaka azeeke.

Basi akanyamaza, akapaka utomvu, akaenda kusalimu miti kama kawaida.

Nyumbani, kila mti ulipofanya kwik, Pelu alishika kifua na kusema ni yeye. Mama yake alimnywesha maji. Baba yake alimwambia abane pumzi. Shangazi Norwi, mtabibu wa miti, alimning'iniza kichwa chini, miguu juu.

"Na nyumba mbona inatikisika?" shangazi aliuliza.

"Ni mimi tu, shangazi. Nina kwikwi nzito."

Haikupita wiki, mti wa kina Gorimu ukammwagia babu yake supu ya uyoga. Wa jirani yao ukatupa kitanda nje, mwenyewe akiwa bado anakoroma. Gorimu akaja na nundu kichwani, akamwambia Pelu kwamba kwikwi yake ina miguu mirefu.

Pelu alicheka naye. Ila mti wa Shangazi Norwi ulipoanza, kicheko kilimkauka. Mti ule ulikuwa mzee. Kila kwik, nyumba ililala upande kidogo zaidi, na shangazi alikuwa ndani akifunga vyungu vyake kwa kamba.

"Shangazi, shuka," Pelu alisema huku akilia. "Mimi sina kwikwi. Ni mti wetu."

Shangazi alishuka, akamkabidhi ndoo ya maji ya majivu na brashi. Pelu alisugua mashina ya mtaa mzima, huku babu yake Gorimu akimwonyesha kila alipopasahau. Miti ilipotulia, sikukuu ililiwa chini, bila ngoma, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kupanda.

Shangazi alimsogezea Pelu bakuli.

"Mti kuugua si aibu, mwanangu," alisema. "Ungesema siku ile, tungeosha mti mmoja. Umenyamaza, na mkono wako wenye adabu ukautembeza ugonjwa mlango kwa mlango. Kuanzia leo, uwe unaumwa mti au unaumwa wewe, sema mapema na ukae mbali na wenzako. Hakuna atakayekuita huna adabu."