Pumzi Kwenye Meza ya Taa

Fundi wa taa wa ukumbi ule wa maigizo aliitwa Giza, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila akiingia kazini neno lake la kwanza lilikuwa "nipeni giza", maana bila giza fundi wa taa haoni anachofanya, basi waigizaji wakalidaka na likamganda. Alikuwa mama wa makamo, mwepesi wa mkono na mwepesi wa kununa. Mashemeji zake, ambao ndio wanaoisimulia habari hii, huapa kwamba hadi siku ile alikuwa akimcheka mtu yeyote anayemtajia mashetani.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Alimwacha mama yake kitandani, kifua kimembana tangu mvua zianze, akamwachia mdogo wake maagizo ya dawa, akatoka. Daktari alikuwa ameshawaambia wajiandae. Giza alitaka jambo moja tu, amalize kazi mapema arudi kukaa na mama yake, na kazi yenyewe ilikuwa imebaki kipande kidogo sana.

Mwisho wa mchezo mzee mmoja anafia kitandani. Mwongozaji alitaka mwanga upande na kushuka pamoja na pumzi zake, kisha uzime. Kwa fundi mzoefu hicho ni kitu cha kufanya huku unakunywa chai. Pale kwenye meza ya taa, ile mashine pana yenye skrini na vitufe, unachagua taa zako, unaziambia zipande hadi wapi na zishuke hadi wapi, unaweka mwendo, unahifadhi. Giza akafanya hivyo, akaegemea kiti, akaanza kukusanya vitu vyake.

Mwongozaji akakataa. Alikuwa amekaa safu za nyuma, miguu juu ya kiti cha mbele, akasema zinawakawaka kama taa za duka la simu. Giza akapunguza mwendo. Sasa, akasema, zinatetemeka kama jokofu bovu. Akalainisha kushuka, akachelewesha kupanda, akatawanya taa ili zisiende pamoja, na kila mara sauti kutoka nyuma ilikuwa na kasoro mpya. Ukumbi hauna dirisha hata moja, lakini alijua huko nje jua linazidi kuinama, na chai yake ilishapoa. Alitamani kumrushia kikombe.

"Hiyo ni mashine inapiga hesabu," mwongozaji akasema. "Mimi nataka mtu."

Hasira ndiyo iliyompa wazo. Kwenye meza kuna kitufe ambacho mafundi hukigonga kwa kidole kufuata ngoma, na taa hushika mwendo wa kidole. Akampigia mdogo wake simu, akamwomba aiweke karibu na mdomo wa mama, ambaye alikuwa amelala. Akasikiliza. Pumzi iliingia kwa shida, ikakwama kidogo mahali, kama mtu anayevuta droo iliyovimba, kisha ikatoka. Giza akafumba macho, akaanza kugonga. Aligonga mpaka kidole na pumzi vikawa kitu kimoja, akahifadhi, akakata simu.

Jukwaa likapumua. Hata mwongozaji alishusha miguu.

Giza akashusha pumzi naye, akijua sasa anaenda nyumbani. Lakini mwongozaji hakuwa mtu wa kuridhika. Akataka kuelekea mwisho mwendo upungue, kwa sababu mzee anaishiwa. Giza akaushusha. Taa zikatii kidogo, halafu zikaanza kujivuta zenyewe hadi mwendo ule wa mwanzo. Akaushusha tena. Zikapanda tena. Akafuta yote, akaandika upya kwa namba tupu, bila kidole na bila simu. Alipobonyeza, mwanga ukapanda, ukakwama kidogo mahali, ukashuka.

Hakuwa ameandika pale pa kukwama.

Akazima meza, akaiwasha. Ilikuwa vilevile. Akaitukana kimoyomoyo, kisha akaitukana kwa sauti. Kwa ukaidi akaushika mwendo na kuukandamiza chini kabisa, akaushikilia hapo kwa kidole gumba kama anayezamisha kitu kwenye ndoo. Taa zilihangaika, kisha zikalegea. Mwanga ukapanda polepole mno, ukashuka polepole mno.

Simu ikatetemeka mezani.

"Dada," mdogo wake alinong'ona, "mama pumzi zinapotea. Namtikisa haamki."

Kidole kikamtoka kwenye kitufe. Taa zikarudi kwenye mwendo wake. Kule kwenye simu mdogo wake akasema, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, kwamba sasa afadhali, zimerudi.

Alijiambia kwamba mambo hugongana. Kisha, kwa sababu fundi haamini kitu mpaka akijaribu, akausogeza mwendo juu. Kidogo tu.

"Dada, anahema. Anahema sana."

Akaurudisha upesi. Akakaa anaitazama ile meza aliyoifanyia kazi miaka yote, na kwa mara ya kwanza akaogopa kuigusa.

Mwongozaji alikuwa ameshainuka, anashuka kati ya viti huku akilalamika kwamba kesho watu wanaingia na yeye bado hana mwisho. Alitaka giza. Mzee amekufa, taa zizime. Giza akamwambia mwisho ni huohuo, mwanga uendelee. Mwongozaji akauliza maiti gani inayopumua. Wakabishana mpaka sauti zikapanda. Angemwambia nini? Kwamba mama yake yumo humu?

"Meza hii usiiguse," akamwambia. "Nakuomba kama ndugu yako."

Akatoka nje ya ukumbi, kwenye korido, ili azungumze na mdogo wake bila kusikiwa. Alitaka kumwambia amkalie mama karibu, amshike mkono. Hakufika mbali. Nyuma yake, kupitia mlango uliobaki wazi, alisikia kitelezi kikuu, kile cha kuzima taa zote, kikivutwa hadi chini. Ule mwanga uliokuwa ukilamba sakafu ya korido ukakatika.

"Hapo sasa," mwongozaji akasema, ameridhika.

Giza hakuweza kupiga kelele. Alibaki na simu sikioni.

"Dada."

"Niambie."

"Mama ameamka. Amekaa. Anaomba uji."

Akalia palepale ukutani. Alilia kwa furaha, na kwa aibu ya ujinga wake, na akarudi ukumbini tayari kumsamehe kila mtu. Mwongozaji alikuwa amesimama mbele ya meza, hageuki. Kitelezi kiko chini. Skrini nyeusi; alikuwa ameichomoa hata meza yenyewe. Kidole chake kilielekeza juu.

Taa moja ilikuwa inawaka. Ilipanda. Ikakwama kidogo. Ikashuka.

"Izime," akanong'ona. "Mimi nimeshindwa."

Giza akapanda ngazi. Alipofika alikuta waya wa taa ile unaning'inia, haujachomekwa popote. Taa haikuwa na joto la taa. Ilikuwa vuguvugu. Na kioo chake kilikuwa na ukungu, kwa ndani, unaotanda na kufifia.

Nyumbani alimkuta mama yake ameegemea mto, bakuli tupu mapajani, akimtania kwamba watu wa taa hurudi wakati wenzao wameshakula. Giza akacheka, akamkumbatia, akalaza sikio kifuani pake kama alivyokuwa akifanya utotoni. Akakaa hivyo. Akasubiri. Kifua kilikuwa kimetulia kama meza, hakipandi wala hakishuki.

Alipoinua uso alimwona mdogo wake mlangoni, kiganja mdomoni. Akamfuata hadi jikoni.

"Tangu alipoamka," mdogo wake alimwambia sikioni. "Usimwambie. Hajui."

Mama yao bado yupo. Anakula, anatembea, anagombana na wajukuu. Analalamika jambo moja tu, kwamba akilala hujiona yuko juu sana, na huko chini watu wengi wamekaa gizani wanamtazama. Ile taa Giza aliibeba nyumbani siku ileile, ikawekwa juu ya kabati la chumbani, waya wake ukakatwa kabisa, na bado inapanda na kushuka. Kila jioni hufuta vumbi la nje kwa kitambaa laini, taratibu, bila kubonyeza. Na wajukuu wamekatazwa kucheza mpira katika chumba hicho.