Keke Iliyoshuka Polepole

Kibanda cha wali kilijaa mafundi wa daraja jipya la Semarang. Ratri, kofia nyeupe kichwani na buti zimelowa tope, alinyoosha mkono achukue kipande cha mwisho cha tempe, soya iliyokaangwa. Mkono mwingine ukamuwahi.

"Hicho changu, kaka."

"Kimeandikwa jina?" Guntur, mwendeshaji wa mashine ya kutoboa, alicheka, kisha akakiweka kwenye sahani ya msichana. "Kula, mpimaji. Nasikia mnakuja kutukagua kama mbuzi wa sikukuu."

Ni kweli. Kampuni ilitaka kujua kila mashine hutoboa mashimo mangapi ya nguzo kwa siku, ndipo ikadirie kazi itaisha lini. Ratri akasimama kando ya mashine ya Guntur, saa mkononi, akipima muda keke, chuma kirefu cha kutoboa ardhi, ikishuka, nondo zikiingia, zege likimwagwa.

Keke ilishuka kwa maringo.

"Udongo mgumu huo?"

"Mgumu kama moyo wako, bibie. Rudi kesho upime tena."

Wenzake wakapiga mluzi. Ratri aliujua udongo wa pale. Ulikuwa laini kama uji. Akaandika alichokiona. Kesho yake akarudi, amejifunga kitambaa cha rangi ya manjano. Na keshokutwa yake pia.

Makadirio yakafika ofisini. Mashine iliyoshika mkia, ya Guntur, ilipangiwa kwenda Kalimantan, ng'ambo ya bahari, pamoja na mwendeshaji wake.

Guntur alipiga simu. "Umeniuza, Ratri?"

"Niliandika ulichofanya."

"Nilichofanya ni kwa ajili yako! Ungemaliza kupima, ungeondoka."

Ratri akashikwa na kwikwi. "Nilijua, Guntur. Nilijua, nikanyamaza. Hata mimi nilikuwa naitaka hiyo kesho."

Asubuhi yake Ratri alimsihi bosi mashine ipimwe upya. Akajibiwa kwamba ratiba imeshatiwa saini.

Bandarini, Guntur alivaa batiki mpya, aliyoinunua aende nayo kuposa. "Twende wote, kipenzi. Tutaoana hukohuko."

"Mama hanyanyuki kitandani. Nani atamlisha?"

Guntur alimfuta machozi kwa kiganja, akapanda meli.

Jumatatu Ratri alipima mashine mpya iliyoletwa. Keke ilizama upesi, zege likajaa, na adhuhuri haijafika alikuwa amemaliza.

"Bado nini, dada?" mwendeshaji aliuliza.

"Hakuna kilichobaki," alijibu, akaendelea kusimama palepale topeni.